UZI: Walimu wa Uganda, tuwaingize wanafunzi wote kwenye mashindano ya uandishi, si wale wawili tu wa dawati la mbele

Mwalimu wa Mpakani (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa, hasa walimu wenzangu wa lugha.

Kila mwaka matangazo ya mashindano ya uandishi yanafika shuleni kwetu. Mengine yanapitia ofisi ya elimu ya wilaya, mengine yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine yanalala mezani kwa mwalimu mkuu mpaka yanapigwa na vumbi. Na mambo huenda vilevile. Tangazo linamfikia mwalimu wa lugha tarehe ya mwisho ikiwa inabisha hodi. Anawaita watoto wawili anaojua wana lugha nzuri, wanaandika usiku mmoja wakati wa prepu, mwalimu anasahihisha mpaka insha inakuwa yake, inatumwa, basi. Wale sitini au themanini waliobaki darasani hawakusikia hata kwamba kulikuwa na shindano.

Mimi nataka tuzungumze juu ya hao waliobaki.

Nafundisha Kiswahili sekondari huku mashariki, karibu na mpaka wa Busia. Watoto wangu wanazungumza Lusamia, Ateso, Luganda, na Kiswahili cha malori na cha kambi ya polisi. Tangu P1, darasa la kwanza la msingi, mtoto huyu ameandikia msomaji mmoja tu: mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Anamjua msomaji huyo kuliko anavyomjua mjomba wake. Anajua anapenda methali mwanzoni, anapenda "jua lilikuwa likichomoza kutoka mashariki", anapenda mwisho wenye funzo. Kwa hiyo mtoto anakariri. Ukimwambia aandike juu ya safari, anaandika kwenda Entebbe kuona ndege, hata kama hajawahi kuvuka Nile pale Jinja. Na sisi tunampa alama kumi na nne kwa ishirini kwa safari ambayo hakusafiri.

Shindano linavunja mazoea hayo kwa sababu linaleta msomaji mwingine. Jaji hamjui mtoto. Ameshasoma rundo la insha zinazoanza na jua lile lile. Ukimweleza mwanafunzi hivyo, waziwazi, "huyu mtu amechoka, hakujui, na hajawahi kufika kijijini kwenu", unamwona anaanza kufikiri. Ndipo anauliza swali ambalo kwangu ni mwanzo wa uandishi wote: "Sasa mwalimu, nimwambie nini ambacho hakijui?"

Nitoe mfano mmoja. Mada ilikuwa mtu ninayemheshimu. Msichana wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, anayeishi kambi ya polisi, akaniletea ukurasa mzima wa "Mama ni nguzo ya familia, mama ni kila kitu, hakuna kama mama." Sarufi safi, hakuna pa kuweka kalamu. Sikuweka alama. Nikamuuliza tu: mama yako saa kumi na moja alfajiri anafanya nini?

Akarudi na hii: "Mama huamka kabla ya dereva wa lori la kwanza. Anapima unga wa chapati kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Dereva akiomba deni, mama anaandika namba ya lori ukutani kwa mkaa."

Nikasoma mara mbili. Nikamuuliza tena: na deni likilipwa, ile namba inakuwaje? Akaandika kwamba mama huifuta kwa kitambaa kibichi, lakini kuna namba moja iko juu ya mlango haijafutwa, na mama hataki mtu aiguse. Insha ikaanza kuwa na siri ndani yake. Makosa yalikuwepo, tena mengi, "lori" likipatanishwa na "yule" na "wale". Hayo tuliyarekebisha mwishoni kabisa, yeye mwenyewe akiwa na kalamu.

Insha ile haikushinda kitu. Lakini aliisoma mbele ya darasa, na wiki iliyofuata vijana wawili ambao huwa hawaandiki zaidi ya aya tatu walikuja kuomba kuandika upya za kwao. Mmoja aliandika juu ya kaka yake anayesukuma baiskeli ya mizigo mpakani. Hilo halikuwahi kutokea kwa sababu ya mtihani.

Ndiyo maana nasema tuwaingize wote. Ukichagua wawili tu, umewaambia sitini kwamba maisha yao hayana cha kuandikwa. Na mara nyingi tunachagua vibaya: tunachukua mwenye lugha laini, tunamwacha mwenye habari.

Wengi mtasema muda uko wapi. Muda uko ndani ya silabasi, wenzangu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unataka tathmini endelevu, na asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S4, inatoka shuleni. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani 2024. Kwa nini tunahangaika kubuni kazi za AOI, zile kazi za kutumia walichojifunza, mwisho wa kila mada wakati shindano limetuletea kazi iliyokamilika: mada, hadhira, idadi ya maneno, tarehe ya mwisho? Mimi nachukua mada ya shindano naifanya kazi ya darasa. Wote wanaandika, wote wanapata alama zao za ndani, kisha anayetaka kutuma anatuma. Hakuna kipindi cha ziada.

Tena Kiswahili kiliingizwa kuwa somo la lazima S1 na S2 katika mtaala huo huo, na 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Tunalalamika kwamba watoto hawaoni faida ya Kiswahili. Wape sababu ya kukiandikia basi. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inaangukia muhula wa pili. Shindano la shule yako mwenyewe, siku hiyo, halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Naomba maoni yenu, hasa mnaopinga.

---

Kalamu ya Kaskazini

Mwalimu umesema vizuri, lakini niseme ambalo wengi wanaliwaza. Sisi ni walimu wa sanaa. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa milioni nne kwa mwezi, sisi tumebaki karibu na milioni moja. Tuligoma, tukarudi darasani mikono mitupu. Leo unaniambia nisome rasimu tatu za watoto themanini kwa ajili ya cheti cha karatasi? Mzigo wangu ni vipindi ishirini na sita kwa wiki, na jioni nina bodaboda yangu ya kusimamia ili wanangu wapate ada.

---

Mwalimu wa Mpakani

Ndugu yangu, sina jibu la mshahara. Dhuluma ni dhuluma, na mimi niligoma pamoja nanyi. Sitakwambia ufanye kazi ya bure kwa moyo wa kizalendo.

Nitakwambia tu ninavyopunguza mzigo, maana rasimu themanini mara tatu hata mimi siwezi. Rasimu ya kwanza siisomi. Wanasomeana wawili wawili, na kila msomaji anaandika chini ya kazi ya mwenzake mambo mawili tu: sentensi iliyomkaa akilini, na mahali alipotaka kujua zaidi. Hakuna kusahihisha tahajia, hakuna kusema "kazi nzuri". Hiyo inaisha ndani ya kipindi kimoja cha dakika arobaini. Rasimu ya pili naisoma aya ya kwanza tu ya kila mtoto, nikitembea kati ya madawati, na nauliza swali moja kwa mdomo. Rasimu ya tatu ndiyo ninayobeba nyumbani, na hiyo ningeibeba hata hivyo kwa sababu ndiyo naitolea alama za tathmini.

Ni kazi ile ile ya kusahihisha tuliyokuwa nayo, ila imesogezwa. Na kusoma insha themanini zisizofanana ni nafuu sana kuliko kusoma safari themanini za Entebbe.

---

DOS Mstaafu

Nimekuwa mkuu wa taaluma kwa muda mrefu katika shule za Magharibi. Nawaunga mkono, lakini mjue jinsi ofisi inavyofikiri. Mwalimu mkuu anaulizwa na wazazi juu ya daraja za mitihani ya taifa ya UNEB, haulizwi juu ya insha. Tamasha la muziki, ngoma na maigizo linapata basi, sare na mkufunzi wa kukodi kwa sababu kombe linaonekana: linawekwa kabatini ofisini, picha inawekwa kwenye kalenda ya shule. Uandishi hauonekani. Mkitaka ofisi iwape karatasi na wino wa printa, ufanyeni uonekane. Insha tatu zisomwe siku ya wazazi. Ukuta mmoja wa korido uwe wa insha. Mzazi akisikia mtoto wake anasoma mbele ya watu, yeye ndiye atakayemsumbua mwalimu mkuu badala yenu.

Na jambo la pili: orodhesheni mashindano mwanzoni mwa mwaka, msingoje barua.

---

Mama wa Wanafunzi Watatu

Mimi si mwalimu, ni mzazi, Jinja. Naunga mkono la siku ya wazazi kwa mikono miwili. Mwanangu wa P6 anaandika hadithi nyuma ya daftari la hisabati na kila muhula anachapwa maneno kwa sababu hiyo. Ni mashindano gani yaliyo ya kweli? Maana kuna moja walituomba shilingi elfu thelathini ya usajili kila mtoto, tukalipa, hatukusikia lolote tena.

---

Mwalimu wa Mpakani

Pole sana mama. Kanuni yangu ni fupi: shindano la watoto linaloomba pesa ya kuingia, silipeleki darasani. Makubwa na ya zamani hayaombi hata shilingi. Haya ndiyo ninayoyajua vizuri:

Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, la Royal Commonwealth Society. Lilianza 1883, na ndilo shindano la kimataifa la uandishi la shule lenye umri mkubwa kuliko yote. Kuingia ni bure. Kuna kundi la walio chini ya miaka 14, maneno yasiyozidi 750, na kundi la miaka 14 hadi 18, maneno yasiyozidi 1,500. Si lazima iwe insha: shairi, barua, hadithi, hata mchezo mfupi unakubaliwa. Ni kwa Kiingereza peke yake, kwa hiyo walimu wa Kiswahili itabidi tushirikiane na wenzetu wa Kiingereza. Mimi watoto wangu huandika rasimu ya kwanza kwa lugha yoyote wanayoiota, ndipo wanahama. Na kila anayeingia anapata cheti cha kushiriki, jambo ambalo kwa mtoto wa S1 si dogo.

La Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi wanachama. Mada huwa juu ya ushirikiano wa nchi zetu. Hapa watoto wa mpakani wana utajiri ambao mtoto wa mjini hana: wenzake wanatafuta vitabuni maana ya soko la pamoja, yeye amemwona shangazi yake akivuka na debe la nyanya.

La kuandika barua, la Umoja wa Posta Duniani, tangu 1971, kwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Linapitia shirika la posta la kila nchi, ambalo huchagua barua moja ya taifa. Huyo mwanao wa P6 anafaa hapa kabisa. Nenda posta ya Jinja uulize mada ya mwaka.

Na kabla ya yote hayo, magazeti. Straight Talk na Young Talk kwa miaka mingi yamepokea barua za wanafunzi wa nchi hii. Mtoto akiona jina lake limepigwa chapa, hahitaji tena kuhimizwa na mtu.

Kwa Kiswahili, ukweli ni kwamba mwanafunzi wa Uganda hana mengi. Ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Cornell iliyoanza 2014 ni ya miswada ya vitabu, si ya watoto wa shule. Pengo hili ni letu kulijaza, kuanzia shuleni, kisha wilayani.

Daftari la hisabati usimnyang'anye. Mnunulie jingine.

---

Mwalimu wa Nakivale

Mimi nafundisha kambini Nakivale, Isingiro. Kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwa watoto wengi waliotoka Kongo. Wanakuja na hadithi nzito mno. Nina maswali mawili. Mtoto mkimbizi anaruhusiwa kuingia? Na je, ni haki kumwambia mtoto aandike juu ya vita ili jaji amhurumie?

---

Mwalimu wa Mpakani

Kuhusu la kwanza: shindano la Jumuiya ya Madola linawapokea raia na pia wakaazi wa nchi za Jumuiya. Mwanafunzi wako anaishi Uganda, anasoma Uganda, anaingia. Mengine soma kanuni za mwaka husika kabla ya kumwahidi mtoto.

La pili limenigusa sana, na nashukuru umeliuliza. Hapana, si haki. Mtoto asiuzishwe kidonda chake. Mimi naona mwalimu asipange kamwe mada inayomlazimisha mtoto kurudi alikotoroka. Mpe mada iliyo wazi, "sauti ninayoisikia asubuhi", na mwenyewe ataamua kama atakwenda Kivu au atabaki kwenye foleni ya maji ya hapo Nakivale. Akiamua kwenda huko, msome kama mwandishi, umuulize maswali ya mwandishi, lakini kabla ya kutuma kaa naye: unataka watu usiowajua wasome hili? Jina lako liwepo? Akisita, insha inabaki shuleni na alama zake anapata zile zile.

Hata kwa watoto wasio wakimbizi, namba za simu, jina la kijiji na picha visiwekwe ovyo. Mzazi au mlezi ajue kinachotumwa.

---

Kalamu ya Kaskazini

Nimerudi. Hiyo ya kusomeana wawili wawili nitaijaribu na S3. Lakini hujasema kuhusu hizi programu za akili bandia. Watoto wa bweni hawana simu, sawa, lakini wa kutwa wanarudi asubuhi na insha inayong'aa ambayo hata mimi siwezi kuiandika. Mtu anatuma hiyo, anashinda, mtoto aliyehangaika mwenyewe anakata tamaa.

---

Mwalimu wa Mpakani

Rasimu mbili za kwanza kwangu zinaandikwa darasani, kwa mkono, na madaftari nakaa nayo mimi. Anayekuja na insha mpya kabisa siku ya mwisho namrudisha kwenye daftari lake: nionyeshe ilikotoka. Simfokei. Naye anajua kwamba sitatuma kisichokuwa na mizizi humo.

Lakini niseme na upande wetu, maana wezi wakubwa wa insha za watoto kabla ya mashine tulikuwa walimu. Kuna shule ambazo mwalimu anaandika, mtoto ananakili kwa mwandiko mzuri, shule inapata jina. Mtoto anapanda jukwaani kupokea zawadi ya sentensi asizozielewa. Huo ni wizi, na mtoto anaubeba maisha yake yote, kwa sababu amefundishwa na mtu anayemwamini kwamba maneno yake hayatoshi. Mwalimu aulize maswali mpaka ulimi ukauke, kalamu aiache mikononi mwa mtoto.

Na shindano si mchezo wa watoto tu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi Makerere aliandika riwaya nzima akiwania shindano la East African Literature Bureau la 1961. Tarehe ya mwisho ndiyo iliyomkalisha chini. Kitabu kilitoka 1965. Monica Arac de Nyeko alikuwa Mganda wa kwanza kupata tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika, 2007. Jennifer Nansubuga Makumbi, ambaye alifundisha shule za sekondari hapa Uganda kabla ya kwenda Uingereza, muswada wake ulishinda shindano la miswada la jarida la Kwani? la Nairobi 2013, na mwaka uliofuata akashinda tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hizi pamoja na miaka, ili wajue kwamba watu hawa walikaa kwenye madawati kama ya kwetu, na wakatuma.

---

DOS Mstaafu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Shule za vijijini zisizo na kompyuta wala umeme wa uhakika zifanyeje? Mashindano mengi sasa ni ya kutuma kwa intaneti.

---

Mwalimu wa Mpakani

Mzee wangu, kwetu hakuna maabara ya kompyuta inayofanya kazi. Wanaandika kwa mkono, wanasoma kwa sauti, darasa linajadili. Wakiisha kuamua nani anataka kutuma, tunachapa kwa simu yangu na ya mwalimu wa Kiingereza, mtoto akiwa amekaa pembeni kuhakikisha hatubadilishi neno lake. Maneno 750 yanachapwa ndani ya saa moja hivi. Wenye kutaka kutuma hawazidi kumi na kitu, kwa hiyo inawezekana jioni mbili tatu. Bando la data tunachangia wenyewe, nasi tunamwomba mwalimu mkuu aliweke kwenye bajeti ya idara. Mwaka huu amekubali.

Nimefanya alivyosema DOS, nimeorodhesha tarehe kwenye karatasi moja na kuibandika chumba cha walimu, karibu na ratiba ya zamu, mahali ambapo lazima mtu apitishe macho.

Sasa natafuta shule mbili au tatu za Busia, Tororo au Mbale tubadilishane rasimu muhula ujao. Watoto wangu wasome za kwenu, wenu wasome za kwangu, na kila mmoja aandike yale mambo mawili chini. Za Kiswahili tu, ukurasa mmoja, mada tukubaliane. Daftari zitasafiri kwa matatu, dereva wa njia ya Tororo ni mzazi wetu na amekubali kubeba bila malipo. Mwalimu aliye tayari aniandikie inbox na aseme darasa gani na wanafunzi wangapi.